Uzi sio uzi tu, hata ukiwa zawadi

Juzi nimepewa zawadi ya bethdei, mfuko wenye madonge tisa ya uzi wa kufumia, kila moja na rangi yake, yamefungwa utepe na lebo zote zimebanduliwa ili yapendeze. Nilifurahi, sikatai, mtu akikukumbuka kwa kitu unachokipenda ni jambo kubwa. Ila akamalizia na maneno ambayo nayasikia kila mwaka: "Nimechukua tu yaliyopendeza, si uzi ni uzi." Hapana jamani, na leo nalisema hili mpaka liishe.

Wingi kwanza, harakaharaka. Donge la gramu 50 la uzi wa unene wa kati lina kama mita 110 au 120. Kofia ya mtu mzima inakula mita 150 na zaidi, sweta linakula elfu moja na kitu. Sasa hilo donge moja moja nifume nini? Ukitaka kutoa donge moja tu, toa gramu 100 za uzi mwembamba wa soksi, zina kama mita 400, hapo umenipa soksi pea nzima.

Kinachoniuma hasa ni loti. Kiwandani uzi unatiwa rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake, ndiyo ile inayochapwa kwenye lebo karibu na namba ya rangi. Rangi ileile, jina lilelile, ila loti zikitofautiana unaweza kupata utofauti mdogo ambao huuoni dukani, huuoni hata ukiweka madonge mawili ubavu kwa ubavu, unakuja kuuona umeshafuma. Nina sweta la buluu ambalo uzi uliniishia kwenye mkono wa kushoto, nikaongezea donge la loti nyingine, usiku chini ya taa safi kabisa, asubuhi nikatoka nalo juani nikakuta mstari umezunguka chini ya kiwiko kama umechorwa kwa rula. Nikafumua mkono mzima. Vitabu vinasema ukishika loti moja umesalimika, mimi siamini sana, nimeshakutana na madonge ya loti moja yasiyofanana, hasa uzi uliotiwa rangi kwa mkono, ndiyo maana siku hizi nafuma mistari miwili kutoka donge hili na miwili kutoka lile, hata kama lebo zinafanana.

Na lebo msibandue, nawaomba! Bila lebo sijui kama ni sufu, pamba au akriliki, na hiyo ndiyo inaamua kila kitu, sufu ya kawaida ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua inajikunja na kugandamana, hairudi tena, akriliki nayo ukiipiga pasi ya moto inalegea moja kwa moja. Kwa hiyo nimekaa na kiberiti nachoma ncha za uzi moja moja. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, ukiitoa motoni inajizimia na jivu lake linavunjika vidoleni. Pamba inawaka kama karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi.

Sindano je? Angalia unene wake kwa milimita, basi, achana na namba. Sindano namba 8 ya Marekani ni milimita 5, namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, na hiyo milimita moja sio mchezo. Patani, yaani maelekezo ya kufuma, ikitaka vitanzi 22 kwa sentimita 10, wewe ukapata 20, sweta la sentimita 100 kifuani linatoka 110. Ndiyo, sampuli, kile kipande kidogo cha majaribio, inapimwa kabla, ila hata sampuli inadanganya, ukiifuma bapa halafu sweta lenyewe ukalifuma kwa kuzunguka, mkono unaweza kukaza tofauti, kwa hiyo mimi napima tena nikishafika sentimita 10 za sweta lenyewe.

Kwenye yale madonge tisa, matano ni akriliki na manne ni sufu. Hayo manne unene wake unalingana, nimeshaanza kofia ya mistari ya huyohuyo aliyenipa. Kichwa chake ni sentimita 56, naifuma 51 ili imkamate vizuri.