Sinema za zamani Dodoma: ile haikuwa televisheni

Ukikaa kijiweni Dodoma na wazee, hukosi atakayekuambia kwamba miaka ya sabini walikuwa wakitazama filamu za Kihindi "kwenye televisheni". Simwiti mwongo. Amechanganya tu.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, ikategemea redio. Zanzibar ndiyo iliyotangulia, mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Lakini mawimbi yake hayakuweza kuvuka zaidi ya kilomita 350 hadi Dodoma, hata ungesimika antena juu ya mbuyu.

Basi mzee aliona nini? Kwanza, gari la sinema. Linaegeshwa uwanjani, jenereta inanguruma, shuka jeupe linatundikwa, na projekta inapitisha picha 24 kila sekunde. Waliochelewa hukaa nyuma ya shuka. Maandishi wanayaona kinyume.

Pili, na hapa ndipo penye mkanganyiko wenyewe: deki ya video. Miaka ya themanini mwenye deki aliiunganisha na runinga, akatoza kiingilio. Kioo kilikuwa cha televisheni kweli, ila filamu ilitoka kwenye mkanda uliokodishwa, si hewani. Ulijulikana kwa michirizi yake pale muziki unapoanza, maana kila mtu alikuwa ameurudisha nyuma hapohapo.