Kuazima si kukopa: maana mbili zilizofichwa ndani ya "borrow"

Mjini Lamu siku hizi, kuanzia Langoni hadi Mkomani, kijana akihitaji chaja ya simu humwambia mwenzake "nikope chaja", na akihitaji shilingi mia mbili husema "niazime mia mbili". Akigeukia Kiingereza, yote mawili huyafunika kwa sentensi moja, "borrow me". Chaja hupatikana na mia mbili hupatikana, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Hata hivyo, maneno haya yamebadilishana viti vyao mara nyingi mno, na sasa hata watu wazima wenye elimu yao huandika hivyo katika barua za vikundi vya akiba na matangazo ya ofisi, kana kwamba Kiswahili hakijapata kutofautisha mambo haya.

Kitenzi cha Kiingereza "borrow" maana yake ni kuchukua kitu cha mtu kwa idhini yake, kwa ahadi ya kukirejesha. Anayetoa, kitendo chake ni "lend". Mtu hawezi kusema "borrow me" kwa sababu "borrow" ni kitendo cha mwenye kupokea peke yake. Maana ya kamusi ni hiyo tu, na mwalimu yeyote wa darasa la nne ameshaieleza.

Ambalo walimu hawalielezi ni sababu ya kosa hilo kudumu hivyo kwetu sisi. Kitenzi chetu cha kuazima huelekea pande zote mbili. "Nimeazima randa kwa fundi" ina maana kwamba randa imekuja kwangu. "Nimemwazima fundi randa" ina maana kwamba randa imetoka kwangu. Kitenzi ni kilekile, na mwelekeo huonyeshwa na kiambishi cha mtendwa pamoja na maneno yanayofuata. Mtoto aliyekuzwa na lugha ya namna hiyo, akipewa "borrow" kuwa ndiyo kuazima, hutaraji kwamba nayo itakwenda huku na huku. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kiingereza, wana kitenzi "borgen" kinachofanya kazi zote mbili, na hakuna anayewaona hawajasoma. Anayesema "borrow me" basi anafuata mantiki nzuri ya lugha moja ndani ya nyumba ya lugha nyingine, na anastahili kusahihishwa bila kuchekwa.

Kukopa hakuko hivyo. Kitenzi hiki kina mwelekeo mmoja: mhitaji hukopa na mwenye nacho hukopesha. Ndiyo maana "nikope" inamkwaza mtu anayesikiliza kwa makini, kwani kwa sarufi ama ni mimi ninayetaka kwenda kukopa mahali fulani, ama mimi ndiye ninayekopwa, kama kilo ya unga dukani. Linalotakiwa ni "nikopeshe".

Tofauti iliyo kubwa zaidi, na ambayo ndiyo inayoniudhi inapopotea, haihusu mwelekeo. Inahusu kitu chenyewe: kinachorudi ni kilekile, au ni kingine cha thamani yake? Asubuhi moja mtoto wa jirani alisimama mlangoni mwetu akasema, "Shikamoo, bibi. Mama asema umwazime mbuzi, na umkopeshe sukari kikombe kimoja." Alikuwa mdogo, hajafika hata darasa la kwanza, na sentensi yake haikuwa na kasoro. Mbuzi ya kukunia nazi inaazimwa kwa sababu itakayorudi jioni ni ileile, yenye meno yaleyale na ubao uleule uliochubuka pembeni. Sukari haiazimwi, kwa kuwa ikishatiwa katika chai haipo tena. Kitakachorudi ni sukari nyingine, kiasi kilekile. Kwa Kiingereza mama yule angetumia "borrow" kwa vyote viwili, na asingekuwa amekosea, maana Kiingereza hakikulitenga jambo hili katika kitenzi chake. Chetu kimelitenga.

Mwenye shaka na atazame vitenzi viwili vinavyofuatana na hivi. Kinachoazimwa hurudishwa, kinachokopwa hulipwa. Methali husema "kukopa harusi, kulipa matanga", na hakuna aliyepata kuisikia ikisemwa "kukopa harusi, kurudisha matanga". Ile nyingine ya nguo ya kuazima kwamba haisitiri matako inaeleweka kwa sababu nguo hiyo bado ni ya mwenyewe, na anaweza kuidai wakati wowote, hata mvaaji akiwa katikati ya watu. Fedha za mkopo hazina tabia hiyo. Noti ya elfu moja niliyokopeshwa ni yangu tangu ilipoingia mkononi mwangu. Naweza kuitumia, kuivunja au kuipoteza, na mwenye kunikopesha hana haki juu ya noti ile. Haki yake iko juu yangu mimi, nayo ndiyo tunayoiita deni.

Waliosoma fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, wataona kwamba haya si mageni. Vitabu vinavyosomeshwa katika misikiti na madrasa za Lamu vina mlango wa ariya na mlango wa kardhi, kila mmoja na hukumu zake. Ariya ni kumruhusu mtu anufaike na kitu huku chenyewe kikibaki mali yako. Kardhi, ambayo ndiyo asili ya neno letu karadha, ni kummilikisha mtu mali ili arudishe mfano wake. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, aliyeazima ana dhamana ya kile alichokiazima: kikiharibika kwa namna isiyokuwa ya matumizi aliyoruhusiwa, hukifidia hata kama hakuzembea. Hoja yao mojawapo ni habari ya deraya, yaani mavazi ya vita, za Safwan bin Umayya, mmoja wa wakuu wa Makka, ambazo Mtume (SAW) aliziazima kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, akamhakikishia mwenyewe kwamba hiyo ni ariya yenye dhamana.

Chukua punda, kwani Lamu jambo hili haliwezi kuelezwa bila punda. Umemwazima jirani yako punda abebe mchanga kutoka ufukweni mpaka kwenye nyumba inayojengwa. Shogi la kubebea mzigo mgongoni mwake likichakaa kwa mchanga, hilo limetokana na kazi uliyoiruhusu, na jirani hadaiwi. Akimpakia mawe badala ya mchanga, punda akaumia mguu, hapo jirani ana la kulipa. Na kama ulimtaka akupe shilingi kadhaa kwa kila safari, basi hukumwazima kabisa, bali umemkodisha, na milango ya fikihi imebadilika. Maneno matatu ya kawaida, kuazima, kukopa na kukodi, yamebeba sheria nzima ya mali bila mtu kufungua kitabu.

Warumi nao waliitenganisha. Mkataba wa kuazima kitu waliuita commodatum, na wa kukopa vitu vinavyohesabika au kupimwa, kama fedha, nafaka na mafuta, waliuita mutuum. Mwanasheria Gaius, aliyeishi katika karne ya 2, alilieleza neno hilo la pili kwamba maana yake ni kilichokuwa changu kuwa chako. Wataalamu wa lugha hawaikubali etimolojia hiyo, lakini kama maelezo ya kukopa sijaona yanayoishinda kwa ufupi.

Sasa tulirudie "borrow" lenyewe, kwa kuwa historia yake ina kichekesho. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "borgian", kutokana na nomino "borg" au "borh", yaani rehani au dhamana. Katika sheria za Waingereza kabla ya Wanormani kuingia mwaka 1066, borh alikuwa pia mtu: mdhamini anayesimama nyuma ya mwenzake, akijibu kwa niaba yake endapo atakimbia. Nasaba ya neno hilo inafika kwenye kitenzi "beorgan", kulinda au kuhifadhi. Kwa hiyo neno ambalo leo tunalitafsiri kwa pupa kuwa kuchukua lilianza kwa kuweka: mtu aliweka dhamana ndipo akapewa. Dhana ya dhamana ambayo mafakihi waliifungamanisha na ariya ndiyo iliyozaa neno la Kiingereza, ingawa Waingereza wenyewe wameshaisahau na ladha yake imetoweka katika matumizi. Nalo "lend" lilikuwa "lænan", bila d yoyote mwishoni. Herufi hiyo ilitoka katika umbo la wakati uliopita, ikaganda, na leo kila mtoto anaadhibiwa akiisahau.

Kiingereza, baada ya kuwa na kitenzi kimoja kipana hivyo, kimekisambaza kila mahali. Benki, maktaba na majirani wote wanakitumia. Mtu huambiwa kwamba anaishi kwa muda wa "borrow" pale anapotarajiwa kufa au kuanguka karibuni. Mfanyakazi huitwa pembeni na mwenzake kwa kuombwa "borrow" ya dakika moja, ambapo sisi husema tu "nina neno nawe". Haya hayana taabu, ila anayeyatafsiri neno kwa neno hujikuta amesema kitu ambacho hakuna anayekielewa.

Matumizi mawili yanahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi. La kwanza ni la hisabati. Mtoto anayetoa 17 katika 42 huambiwa kwamba 2 haitoshi kutolewa 7, kwa hiyo "a-borrow" kumi moja kutoka kwa ile 4. Watoto makini huuliza kumi hiyo italipwa lini, na swali lao ni la haki, kwa kuwa hailipwi kamwe. Pale hakuna kukopa wala kuazima. Kilichotendeka ni kuvunja kumi moja ikawa moja kumi, kama vile mwenye duka anavyovunja noti ya elfu ili apate za kurudisha chenji: mali ni ileile, imebadilika umbo tu. Baadhi ya walimu wa Kiingereza wenyewe wameanza kuliepuka neno hilo darasani kwa sababu hiyohiyo, na anayefundisha kwa Kiswahili hana haja ya kuubeba mzigo ambao wenyewe wanautua.

La pili ni la maneno. Wanaisimu wa Kiingereza husema kwamba lugha "hu-borrow" maneno kutoka kwa lugha nyingine. Mwaka 1950 Einar Haugen, mmoja wa waasisi wa uchunguzi wa jambo hili, alikiri kwamba sitiari hiyo haina mantiki, kwani anayekopesha haombwi ruhusa wala hajui, na anayekopa hana wajibu wa kulipa. Wareno hawakuombwa neno meza, wala Wajerumani neno shule, na hatukusudii kuwarudishia. Wanaisimu wa Kiswahili walipotafuta istilahi walichagua kukopa, wakasema maneno ya mkopo, na ingawa sitiari ina kasoro zake, kati ya vitenzi viwili vilivyokuwapo walikipata kilicho sahihi. Neno la Kiarabu likishaingia kwetu ni mali yetu: tunaliongezea irabu, tunalitia katika ngeli, tunalinyambua tutakavyo, kama mtu anavyoitumia noti aliyokopeshwa. Kitu cha kuazima hakikatwi wala hakishonwi upya.

Kinachoanza kuonekana sasa, na ndicho kilichonifanya niandike, ni kukopa kumeza mahali pa kuazima. Sababu haifichiki. Simu zetu zinatuita kila siku tukope, kwa ujumbe mfupi na kwa matangazo ya redio, na kitenzi kinachosikika mara elfu humfukuza kinachosikika mara moja. Kwa fedha hawajakosea, fedha hukopwa. Lakini kijana aliyelizoea neno hilo huliendeleza kwa chaja, kwa ngazi, kwa kanzu ya harusi, na akienda kuomba majamvi ya kutandikia wageni husema anakuja kuyakopa. Mwenye majamvi ana haki ya kushtuka, kwa sababu aliyekopa majamvi anaweza kumletea mengine. Wafasiri wa Kurani, walipoifikia aya ya mwisho ya sura ya Al-Maun inayowakemea wanaozuia msaada mdogo, walitaja ndoo, chungu na shoka. Ni vitu ambavyo majirani huazimana, na kila kimoja hurudi kwa mwenyewe kikiwa kilekile.

Karibuni nililiona bango la maktaba moja ya shule, limeandikwa kwa herufi nzuri za mkono: "Mwanafunzi anaruhusiwa kukopa vitabu viwili kwa wiki mbili. Anayechelewa atalipa faini." Aliyeliandika bila shaka alikuwa na "borrow" kichwani. Neno la tatu lingefaa kuwa kuazima, kwa kuwa maktaba inavitaka vitabu vyake vilevile, vyenye mihuri yake na kurasa zake zote. Sentensi ya pili haina haja ya kuguswa, maana faini ni fedha, nayo hulipwa.