Mota Kubwa Haiongezi Kasi ya Baiskeli ya Umeme

"Toa mota ya wati 250, funga ya wati 1000, baiskeli itaruka." Ushauri huu umezagaa, na wengi wanaoufuata huishia na baiskeli nzito yenye mwendo uleule.

Mota ya kwenye gurudumu huzunguka kulingana na volti inazopata na jinsi nyaya zake zilivyosukwa. Wati zilizoandikwa ubavuni ni mzigo inaoweza kuubeba kwa muda mrefu bila kuungua, basi. Umeme upite kiasi gani, hilo huamuliwa na kontrola, yaani kisanduku kinachodhibiti umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota. Betri ikiwa ya volti 36 na kontrola ikiwa na kikomo cha ampea 15, utapata wati 540 tu, hata ukifunga mota ya lori.

Kinachoongeza kasi hasa ni volti. Ukipanda kutoka 36 hadi 48, mzunguko huongezeka kwa takriban theluthi moja. Ila usiichomeke betri mpya kwenye kontrola ya zamani hivihivi: betri ya 48 ikijaa hufika volti 54.6. Fungua kontrola usome volti zilizoandikwa kwenye kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji; zikiwa za volti 50, zinaweza kupasuka.

Halafu kuna upepo, ambao wauzaji hawautaji. Kutoka kilomita 25 hadi 40 kwa saa, nguvu ya kuukata huongezeka mara nne. Betri itakuishia njiani.

Ulaya kuna na sheria: mota ikiendelea kusaidia kupita kilomita 25 kwa saa, hiyo si baiskeli tena, na usajili na bima vinakuhusu.