Ruzuku ya mitandao ya haidrojeni: serikali inalipia nini hasa?

Mtandao wa kikanda wa haidrojeni, gesi inayotumika kama nishati, ni mabomba na maghala ya chini ya ardhi yanayounganisha wazalishaji na viwanda vya eneo moja. Shida yake ni kuanza. Mzalishaji hawekezi kabla ya kuliona bomba, mwenye bomba naye anangoja wateja. Hapo ndipo serikali inapoingia, na kwa sehemu kubwa inacholipia ni nafasi tupu, kama anayemlipa mwenye basi ili aondoke na viti vitupu mpaka abiria waizoee njia.

Uingereza ilijiwekea msingi wa kisheria kupitia Sheria ya Nishati ya 2023, na Juni 2025 ikatangaza zaidi ya pauni milioni 500 kwa miundombinu hiyo. Kwa upande wa ghala, mwendeshaji huhakikishiwa kiwango cha chini cha mapato; wateja wakileta pungufu, ruzuku hujazia. Kwa bomba, mdhibiti hupanga kiasi cha mapato ambacho mwenye nalo anaruhusiwa kupata. Wateja wachache wa mwanzo wangetozwa gharama yote ya bomba wangekimbia, kwa hiyo serikali hubeba pengo.

Ghala ndilo lenye kazi ngumu. Haidrojeni ni nyepesi mno: kilo moja isiyogandamizwa hujaza mita za ujazo 11 hivi. Huko Teesside, kaskazini mashariki mwa Uingereza, imehifadhiwa ndani ya miamba ya chumvi tangu miaka ya 1970. Maji husukumwa chini, yanayeyusha chumvi, kisha hutolewa yakiwa maji ya chumvi; linalobaki ni pango ambalo kuta zake hazivujishi gesi. Kulitengeneza huchukua miaka, na fedha zote hutangulia kabla ya mteja wa kwanza.

Binafsi, kinachonitia wasiwasi ni kwamba hatari inamtoka mwekezaji na kumwangukia mwananchi. Kiwanda kikifungwa, mkataba wa ghala unaendelea kudai. Kabla ya kusifu mradi wowote wa aina hii, ningeuliza kwanza ni viwanda gani vimeshatia saini.

Ujerumani imechukua njia nyingine. Mtandao wake mkuu wa kilomita 9,040, ulioidhinishwa Oktoba 2024, unatoza ada nafuu mwanzoni, na upungufu unaandikwa kwenye akaunti maalumu ili watumiaji wa baadaye waulipe. Deni lisipokwisha kufikia 2055, kampuni za mabomba zitabeba hadi asilimia 24 ya kilichobaki. Sehemu inayosalia italipwa na serikali.