Koo liliuma, moyo ukaumia

Binti alikuwa na miaka 11. Alifika juu ya ngazi za kliniki akihema, mkono mmoja kiunoni, mama yake amembebea hata begi la shule. Nilipompima moyo kwa eko, kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, niliona valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, ncha zake zimenenepa na hazikutani. Kila pigo, damu ilirudi nyuma.

"Daktari, huyu hajawahi kuumwa moyo," mama akasema.

Nikamuuliza habari za koo. Akakumbuka: mwaka juzi mafindofindo yalimsumbua mtoto, wakasukutua maji ya chumvi, yakaisha. Baada ya wiki kadhaa goti likavimba. Lilipopona, likaanza la pili, kisha kifundo cha mguu. Majirani wakasema mtoto anakua.

Ile ilikuwa homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata koo kuuma na huumiza viungo na moyo. Kisha mama akaniuliza swali ninaloulizwa karibu kila siku: ampe nini cha kuongeza kinga? Nikamjibu kwamba kinga ya bintiye haijapungua hata kidogo. Inafanya kazi kwa bidii, ila imeudhania moyo kuwa adui.

Bakteria anayeanzisha haya ni streptokoka wa kundi A. Ganda lake limeota vinyweleo vya protini iitwayo M. Kinga haimshiki mdudu mzima, humtambua kwa vipande vyake, kama unavyomjua mtu gizani kwa sauti. Bahati mbaya, baadhi ya vipande vya protini M vinafanana na protini za moyo wetu. Kingamwili zilizotengenezwa kumkamata mdudu huishia kunata kwenye utando wa valvu, na seli T, askari wa kinga walio kwenye damu, huingia kupitia hapo hapo.

Utauliza, seli T hazikufundishwa? Zilifundwa, tena kwa ukali. Nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo wenyewe, kuna tezi ya thaimasi. Humo, seli inayoushika mwili wake kwa nguvu huuawa kabla haijatoka. Zinazoushika kidogo tu ndizo hupenya, zikakaa kimya hadi streptokoka aziamshe. Nimesoma mambo haya miaka mingi, na bado hunisikitisha kwamba moyo unaumizwa na seli zilizolelewa jirani yake.

Uharibifu huanza wiki 2 hadi 4 baada ya koo kuuma, mtoto amesharudi shule. Akipata streptokoka tena, kinga inakumbuka, inakuja kwa kasi zaidi, kovu linaongezeka juu ya kovu.

Ndiyo maana binti huyu anachomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 4, na ataendelea hivyo kwa miaka. Sindano haiondoi kovu. Inamzuia mdudu asirudi kuiamsha kinga. Kaskazini mwa Uganda walifuatiliwa watoto na vijana 818 ambao dalili za awali za ugonjwa huu wa moyo zilionekana kwenye eko tu. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulizidi kwa 3 kati ya waliochomwa sindano, na kwa 33 kati ya wasiochomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwangu hizo ndizo tarakimu muhimu kuliko zote katika ugonjwa huu.

Makoo mengi huuma kwa sababu ya virusi na hayahitaji antibiotiki. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, koo linalouma akimeza, tezi za shingo zimevimba, na hana mafua wala kikohozi, mpeleke akapimwe. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inawahi.

Binti alilia siku ya sindano ya kwanza. Dawa ni nzito na inauma kweli. Ya pili muuguzi aliichanganya na lidokaini, dawa ya ganzi, akaisukuma polepole. Safari hii alikunja uso tu, akaniuliza kama anaweza kurudi kucheza rede. Nikamwambia aanze kwa kuhesabu pointi, kukimbia tutaangalia kwenye eko ijayo.