Je, wajua kwa nini simba aliyehamishwa hafunguliwi siku hiyohiyo?

Katikati ya mwaka 2015, simba saba kutoka Afrika Kusini, majike watano wa hifadhi ya Phinda na madume wawili wa hifadhi ya Tembe, walifika Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda. Safari ya ndege na lori ilichukua zaidi ya siku nzima. Simba wa asili wa Akagera walikuwa wamekwisha baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakimbizi waliporejea na ng'ombe wao na mizoga ikatiwa sumu. Kwa takribani miaka 15 hakukusikika ngurumo.

Lakini wageni hao hawakuachiwa. Waliingizwa kwenye boma la mita za mraba 1,000, wakae humo wiki mbili au zaidi.

Boma hilo liliitwa karantini, na neno hilo limewapotosha wengi. Tunasikia karantini, tunafikiria ugonjwa. Ni kweli afya huangaliwa, lakini vipimo vikubwa, kama vile vya kifua kikuu cha ng'ombe, hufanywa kabla ya mnyama kusafirishwa. Kumrudisha baada ya kutua ni hasara tupu. Wengine hudhani simba akiona swala wengi mbele yake atatulia mwenyewe. Hatulii. Simba anayefunguliwa akiwa bado na uchovu wa dawa ya usingizi hushika njia, hata kama kwao ni maelfu ya kilomita. Akitoka hifadhini hukutana na ng'ombe, na baada ya ng'ombe ni sumu tena.

Wafugaji wa kuku wanalijua jambo hili: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwachie siku ya kwanza, jioni atatafuta banda alikotoka. Mfunge siku kadhaa, mpe mtama palepale, naye ataanza kupaita kwake. Boma ndiyo kamba ya simba. Kila baada ya siku chache huletewa mzoga, kwa hesabu ya wastani wa kilo 5 za nyama kwa jike kwa siku. Humo husikia fisi wa hapo, hunusa udongo wa hapo, na wale wasiojuana huzoeana. Majike wasioelewana wakifunguliwa mapema hutawanyika, na simba aliye peke yake ndiye msumbufu.

Boma pia ni darasa la waya. Simba husogea, ananyoosha pua yenye unyevu, anagusa: volti 6,000 au zaidi, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mshtuko huo haumdhuru, ila hausahau. Somo hilo lina kazi, kwa kuwa Akagera ilikamilisha mwaka 2013 uzio wa umeme wa jua wa kilomita 120 upande wa magharibi, unaopakana na vijiji. Uzio wenyewe hutaka watu wa kuupitia kila siku: majani mabichi yakigusa waya umeme hukimbilia ardhini, na udongo ukikauka sana mshtuko hupungua.

Tahadhari moja: Akagera ilikuwa na boma, uzio na mawindo tele kwa pamoja, hivyo si rahisi kusema kipi kiliwatuliza zaidi. Tunachojua ni kwamba walibaki, 2016 wakaanza kuzaa, na 2017 madume wengine wawili wakaletwa ili watoto wasije wakazaliana wao kwa wao.

Siku ya kufungua, hakuna anayewafukuza. Lango huachwa wazi, mzoga huwekwa hatua chache nje, magari hurudi nyuma. Kwa kawaida huchungulia kwanza. Wengine hurudi kulala ndani ya boma hata lango likiwa wazi, na hiyo ni dalili ambayo wahifadhi huifurahia.