Tathmini kabla ya upasuaji si vipimo vya maabara

Juzi nililisikia tena neno hili "tathmini" likitumiwa kwa maana ya vipimo vya maabara, ndani ya matatu iliyokuwa ikipanda Upper Hill, Nairobi. Mama mmoja alikuwa akimweleza mtu kwenye simu habari za mumewe: "Ameshafanyiwa tathmini, damu iko sawa, kesho anaingia thieta." Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo nikaingiwa na wasiwasi. Damu iko sawa, vyema. Lakini kuna aliyeuliza kama mzee hukoroma usiku hadi pumzi ikakatika? Kuna aliyemwambia apanue kinywa akamtazama koo?

Simlaumu mama yule. Neno hilo amelipata kwetu sisi wahudumu wa afya. Mimi hufundisha wanagenzi wa kutoa dawa ya usingizi, na kila kundi jipya huja na mazoea yale yale. Ukimwomba mmoja akueleze tathmini ya mgonjwa wa kitanda cha nne, anafungua faili, anasoma majibu ya maabara kutoka juu hadi chini, kisha ananyamaza akiamini amemaliza.

Maana yenyewe ni fupi. Tathmini kabla ya upasuaji ni kazi ya kumjua mgonjwa kwa kumsikiliza, kumchunguza mwili, na inapobidi kumpima, ili kukadiria upasuaji huu una hatari gani kwa mtu huyu, na kupanga nini kifanywe ili hatari hiyo ipungue kabla ya upasuaji, wakati wake na baada yake. Vipimo vimo humo, kama chumvi ilivyo ndani ya mboga.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. "Tathmini" tumeipokea kutoka Kiarabu, nayo ni ndugu wa "thamani". Kwa Kiarabu thaman ni bei ya kitu, na tathmin ni kitendo cha kukikadiria bei hiyo. Umbo hilo tunalo tele katika Kiswahili: tafsiri, tafsili, taratibu. Asili yake ni majina ya vitendo, na kitendo kina mtendaji. Hakuna tafsiri bila mtu aliyeyaelewa maneno akayaeleza upya, na hakuna tathmini bila mtu aliyetazama, akafikiri, akasema anachoona kina uzito gani. "Pima" ni letu la Kibantu, nalo lina kazi yake ya heshima. Unga hupimwa kwa kilo, kitambaa kwa mita, homa kwa kipimajoto. Ukipima unapata tarakimu. Ukitathmini unasema tarakimu hiyo ina maana gani kwa jambo lililo mbele yako.

Mtu aliyewahi kununua ploti viungani mwa Nairobi anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Soroveya huja na vyombo vyake, hupima, hukuambia ni futi 50 kwa 100. Mthamini huja siku nyingine. Huitazama ardhi ile ile akauliza barabara iko wapi, maji yapo, udongo ni ule mweusi unaopasua kuta, hatimiliki ina matatizo. Futi 50 kwa 100 za Karen, mtaa wa matajiri, na futi 50 kwa 100 za Ruai, pembezoni mwa jiji, zina kipimo kimoja, na hakuna atakayezilipia pesa sawa.

Himoglobini, kipimo kinachoonyesha upungufu wa damu, ikiwa 10 iko vivyo hivyo. Kwa kijana anayetolewa uvimbe mdogo wa mafuta kwenye mkono, haimzuii kwenda nyumbani jioni hiyo hiyo. Kwa mama mwenye fibroidi kubwa, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi, anayetarajiwa kupoteza damu nyingi, 10 ile ile ni sababu ya kutulia kidogo: kutafuta chanzo cha upungufu, kumpa madini ya chuma kwa wiki kadhaa kama upasuaji unaweza kusubiri, na kuhakikisha damu ya kundi lake iko tayari. Jibu la maabara lilikuwa moja, tathmini ni mbili.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni mazungumzo, na hapa ndipo wanagenzi hukwama, kwa sababu wamesoma kwa Kiingereza na mgonjwa anajibu kwa Kiswahili cha nyumbani kwake. Mazungumzo haya nimeyasikia mara nyingi mno:

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana, daktari."

"Na asubuhi ukiamka, kuna kitu unameza?"

"Ni zile tembe za presha tu."

Mama hajadanganya. Kwake dawa ni kitu cha mtu anayeumwa, na yeye haumwi; tembe za presha amezimeza miaka mingi hadi zimekuwa kama kifungua kinywa. Ukiuliza "dawa" unaweza kukosa presha, ukakosa sindano ya kupanga uzazi, ukakosa na chupa ya mitishamba iliyo chini ya kitanda. Ukiuliza "mihadarati" huwezi kupata miraa wala muguka, yale majani ya kutafuna, maana wengi hawaziweki katika fungu hilo. Ilhali miraa huuharakisha moyo na kupandisha presha, na mtoa dawa ya usingizi hana budi kulijua hilo kabla hajashika sindano. Miraa huulizwa kwa jina lake, bila sauti ya kuhukumu.

Kuna swali jingine ambalo vitabu huliweka hivi: je, mgonjwa anaweza kupanda ngazi za orofa mbili bila kusimama? Mwili unaoimudu kazi hiyo kwa kawaida una moyo na mapafu yenye akiba ya kustahimili upasuaji. Nairobi tuna namna bora ya kuliuliza. Muulize anaishi orofa ya ngapi. Muulize maji ya mfereji yakikatika, ni nani hubeba mtungi wa lita 20 hadi juu. Mgonjwa mmoja alimjibu mwanagenzi wangu kwamba tangu Krismasi mtungi hubebwa na kijana wake, na yeye mwenyewe hupumzika kila kona ya ngazi. Majibu yake yote ya damu yalikuwa mazuri. Tulimpeleka akapigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na mpango mzima ukabadilika.

Na swali la chakula. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha habari za kina mama 66 ambao vitu vya tumboni viliingia mapafuni walipokuwa chini ya dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Ndiyo maana wagonjwa hukaa bila kula kabla ya upasuaji: kwa kawaida saa 2 baada ya maji na vinywaji visivyo na maziwa wala nyamanyama za matunda, saa 4 baada ya maziwa ya mama, saa 6 baada ya mlo mwepesi, na 8 au zaidi baada ya vyakula vya mafuta na nyama. Sasa mwanagenzi anauliza, "Umekula?" Mgonjwa anajibu, "Sijala, nimekunywa chai tu." Chai ya kwetu ni maziwa, kwa hiyo atasubiri saa 6. Ingekuwa chai ya rangi, angesubiri saa 2. Asiyeuliza "chai gani?" bado hajauliza.

Baada ya maneno huja mikono na macho. Meno yaliyolegea, shingo inayokataa kugeuka, mishipa isiyoonekana, mlio wa moyo. Mgonjwa huketi wima, hufungua kinywa na kutoa ulimi nje, nawe hutazama kiasi gani cha koo kinaonekana. Njia hii tunaiita kwa jina la Seshagiri Mallampati, aliyeieleza mwaka 1985, na inatupa dokezo kama itakuwa vigumu kupitisha mrija wa kupumulia. Haihitaji umeme, haihitaji ada, haihitaji foleni ya maabara.

Vipimo vyenyewe sivipuuzi. Ninachopinga ni kumpa kila mtu karatasi yenye orodha ile ile, kisha kuiita karatasi hiyo tathmini. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada juu ya upasuaji karibu 19,000 wa mtoto wa jicho. Kundi moja lilifanyiwa vipimo vya kawaida, jingine halikufanyiwa isipokuwa palipokuwa na sababu. Matatizo yalikuwa karibu 31 kwa kila upasuaji 1,000 pande zote mbili. Wagonjwa wote hao walikuwa wameulizwa na kuchunguzwa. Kilichoondolewa ni vile vipimo vya mazoea. Nikimwona mzee ametoka mbali, amelipia picha ya kifua ambayo hakuna aliyeweza kumweleza ni ya nini, huumia.

Kosa la pili linafanana na hili, nalo ni neno "kupitishwa". Utasikia, "Daktari amempitisha, amepata mbili," kama vile mgonjwa amefanya mtihani. Tarakimu hiyo ina historia. Mwaka 1941 Meyer Saklad na wenzake wawili, kwa niaba ya chama cha wataalamu wa dawa ya usingizi cha Marekani, walipendekeza madaraja ya hali ya mgonjwa. Leo yako 6: la 1 ni mtu mwenye afya, la 2 ana maradhi mepesi, la 3 maradhi mazito, la 4 maradhi yanayotishia uhai wakati wote, la 5 hatarajiwi kuishi bila upasuaji, na la 6 ubongo umekwisha kufa na viungo vyake vinatolewa kwa ajili ya wengine. Saklad na wenzake walieleza wazi kwamba wanapanga hali ya mwili tu, wala si hatari ya upasuaji wote. Mgonjwa wa daraja la 2 anayetolewa jino na mgonjwa wa daraja la 2 anayefunguliwa kifua wanalingana kwenye karatasi pekee. Na hata wa daraja la 5 huingia thieta, kwa sababu asipoingia atakufa. Hakuna aliyefaulu wala kuanguka hapo.

Wengine huichanganya tathmini na ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, inayosomwa kwa sauti ndani ya thieta. Orodha hiyo ni nzuri sana. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, moja ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini ikifika zamu yake mgonjwa yuko mezani. Kazi ninayoizungumzia inapaswa kuwa imekwisha.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 wa upasuaji katika nchi 25 za Afrika. Walikuwa na umri mdogo, wengi wakiwa na maradhi machache, na hata hivyo uwezekano wao wa kufariki ulikuwa kama maradufu ya wastani wa dunia. Wengi hawakufia mezani, walifariki siku zilizofuata, wodini. Huwasomea wanagenzi matokeo hayo kila mwaka, maana tathmini ndiyo inayouliza mapema mgonjwa huyu atalala wapi usiku wa kwanza, na nani atamwangalia saa nane za usiku.

Kwa hiyo mwanagenzi akiniandikia "tathmini: vipimo viko sawa", simkaripii. Nachukua kalamu, nakata neno la kwanza, naandika "maabara" mahali pake, kisha namwachia mstari mtupu chini yake na kumrudisha kitandani akaketi na mgonjwa. Na nikikutana tena na mama wa matatu nitamwambia kwa upole: mama, mzee amepimwa. Jioni daktari wa usingizi akipita wodini, hata kama mzee amesinzia, muamshe, na useme habari za kule kukoroma.